Anatafutwa mkaguzi wa ndani au mhasibu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie tangazo la kazi nililolisoma wiki mbili zilizopita, likiwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo mjini Chake Chake. Taasisi iliyolitoa siitaji, kwa sababu kosa lililomo si lake peke yake. Nimelikuta katika matangazo mengi ya Unguja na Pemba kwa miaka yote niliyofanya kazi ya ukaguzi wa ndani, na hata baada ya kustaafu. Tangazo lilitaka Mkaguzi wa Ndani mmoja, mwenye cheti cha CPA, yaani cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, aliyefanya kazi katika kampuni ya ukaguzi kwa muda usiopungua miaka mitatu, na mwenye uwezo wa kutayarisha hesabu za mwisho wa mwaka na kusimamia malipo ya kila siku. Kijana wa jirani yangu, ambaye amemaliza mitihani yake ya CPA karibuni, alinijia na karatasi aliyoinakili kwa mkono akaniuliza, "Ami, niombe nisiombe?"

Nilimwambia aketi kwanza, nikalisoma tangazo mara mbili. Neno "udhibiti", yaani taratibu za ndani za kuzilinda fedha na mali za taasisi, ambazo kuzipima ndiyo kazi ya mkaguzi wa ndani, halikuwemo hata mahali pamoja. Mtu anayetayarisha hesabu na kusimamia malipo ni mhasibu, tena mhasibu mwenye mamlaka makubwa. Akivishwa na jina la mkaguzi wa ndani juu yake, taasisi itakuwa inamlipa mshahara mtu wa kujikagua mwenyewe. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani, ambavyo toleo lake jipya lilianza kutumika tarehe 9 Januari 2025, vinaeleza kuwa mkaguzi aliyekuwa na dhamana ya shughuli fulani ndani ya miezi 12 iliyopita huhesabiwa kuwa amepungukiwa na uhuru wa kuikagua shughuli hiyo. Tangazo lile halikungoja hata hiyo miezi 12, kwani kazi zote mbili lilizipanga katika siku moja na juu ya meza moja.

Sisemi haya kwa kukidharau cheti cha CPA, ambacho mimi mwenyewe nilikihangaikia kwa miaka, nikivuka bahari kwa ajili ya mitihani ya Mei na Novemba na kurudi nyumbani bila ya kujua kama nimefaulu au nitavuka tena. Cheti hicho hutolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na aliyenacho amethibitishwa kuwa anazijua sheria za kodi, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha pamoja na viwango vya ukaguzi vilivyoanza kutumika nchini mwetu tarehe 1 Julai 2004. Mwenye cheti hicho, akiwa pia amesajiliwa kufanya ukaguzi wa umma, anaweza kuzichukua hesabu za kampuni, kuzipima, kisha kutia saini maoni kwamba zinaonesha hali halisi katika mambo yote ya msingi. Hiyo ni kazi nzito, na wanaoiweza ni wachache.

Hata hivyo, ni vyema tukaelewa maoni hayo yanasema nini na hayasemi nini. Wasomaji wako wanayajua majina ya hati kutokana na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo kila zinapotoka huzungumzwa barazani hadi sokoni: iko hati inayoridhisha, ambayo watu wameizoea kwa jina la hati safi, iko yenye shaka, iko isiyoridhisha, na iko ile ambayo mkaguzi ameshindwa kutoa maoni. Kwa taasisi binafsi utaratibu ni wa aina hiyo hiyo. Sasa mtu akiichukua ripoti ya mkaguzi wa nje na kuisoma mpaka mwisho, badala ya kuishia kwenye aya ya maoni, atakuta sehemu ya wajibu wa mkaguzi, na humo atasoma kwamba mkaguzi ameuangalia udhibiti wa ndani ili ajue namna ya kupanga kazi yake, na kwamba hakuuangalia kwa nia ya kutoa maoni kama udhibiti huo unafanya kazi ipasavyo. Maneno hayo yamo katika ripoti kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, na mkaguzi hajayaficha. Sisi ndio tusiofika huko chini.

Kwa hiyo taasisi inaweza kupata hati safi huku funguo za bohari, daftari la bohari na kitabu cha hundi vikiwa mikononi mwa mtu mmoja. Hesabu zimelingana, na mkaguzi wa nje, kwa kipimo chake cha umuhimu, hakuona upotoshaji mkubwa wa kumzuia kutia saini. Mlango umebaki wazi, lakini siku aliyokuja yeye hakukuwa na aliyeingia, au aliyeingia alichukua kidogo.

Hili nimelijua kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka ule nilipopata cheti, niliajiriwa kuwa mkaguzi wa ndani katika hoteli moja ya ufukweni, upande wa mashariki ya Unguja, ambayo ilikuwa ikinunua samaki na pweza kwa wavuvi kila alfajiri kwa fedha taslimu. Mvuvi hana risiti, kwa hivyo hoteli ilikuwa na vocha yake ya malipo, ikiandikwa jina la mvuvi, aina ya samaki, uzito na bei, na chini mvuvi anatia saini au dole gumba. Kila mwisho wa mwezi nilizichukua vocha zote, nikazijumlisha, nikazilinganisha na kitabu cha fedha, nikakilinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki, na kila mwezi hesabu ilikuja sawa mpaka shilingi ya mwisho. Wakaguzi wa nje nao walikuja, wakachagua vocha zao, wakaridhika. Nilijiona nimefanya kazi yangu kama nilivyofundishwa, na kusema kweli ndivyo nilivyofundishwa.

Baada ya miezi minane, kijana mmoja aliyekuwa akiosha vyombo jikoni alinifuata nikiwa natoka msikitini. Hakunituhumia mtu. Aliniambia tu, "Mzee, wewe unahesabu karatasi. Njoo siku moja saa kumi na mbili ya asubuhi, ukae pale kwenye mizani." Nilikwenda. Nikaona ngarawa zinafika, samaki wanapimwa, boharia anatoa fedha mfukoni, wavuvi wanahesabu fedha zao na kuondoka. Hapakuwa na vocha wala kalamu, na kile kidau cha wino wa dole gumba hakikuonekana kabisa. Vocha ziliandikwa saa sita za mchana ofisini kwa boharia, naye ndiye aliyenunua, ndiye aliyepima, ndiye aliyepokea samaki bohari na ndiye aliyelipa. Nilirudi kwenye faili langu nikazitoa vocha za mwezi uliopita na kuzipanga juu ya meza, na kwa mara ya kwanza nikayatazama madole badala ya tarakimu. Wavuvi kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake, na dole la kila mmoja lilikuwa na kovu lililolikata katikati kwa mshazari. Kovu hilo nilikuwa nikipeana nalo mkono kila siku.

Miezi minane nilikuwa na ushahidi huo ndani ya faili nililolifungua kwa mikono yangu mwenyewe. Sikuuona kwa sababu mtihani niliofaulu ulinifundisha kuuliza kama vocha ipo, imeidhinishwa na imeandikwa kwenye leja inayostahiki. Ulinifundisha pia, kwenye ukurasa, maneno "mgawanyo wa majukumu", na ningeulizwa ningeyaeleza vizuri sana. Kusimama kwenye mizani alfajiri nikiwatazama watu wanne ambao kwa kweli ni mtu mmoja, hilo lilikuwa somo jengine. Dawa yenyewe haikuwa ya gharama: mpishi mkuu akawa ndiye anayepima, boharia akaandika kwenye kadi zenye namba zinazofuatana, na mtunza fedha akateremka mwenyewe kumlipa mvuvi na kuchukua saini yake pale pale mlangoni.

Kwamba habari ilitoka kwa muosha vyombo si ajabu kwa wanaoifuatilia fani hii. Ripoti ya mwaka 2024 ya Association of Certified Fraud Examiners, chama cha wachunguzi wa udanganyifu chenye makao makuu yake katika jimbo la Texas, Marekani, inaonesha kwamba asilimia 43 ya kesi walizozichambua ziligunduliwa kwa mtu kutoa habari, na zaidi ya nusu ya watoa habari hao walikuwa wafanyakazi wenyewe. Ukaguzi wa ndani uligundua asilimia 14. Mkaguzi ambaye hajulikani jikoni, asiyekaa mahali ambapo kijana wa chini anaweza kumfuata, amejifungia mlango mkubwa kuliko yote.

Wenzetu wa Marekani walilipia somo hili kwa bei kubwa. Mwaka 2002, kampuni ya simu ya WorldCom iligundulika kuwa imeandika gharama za kawaida za uendeshaji kuwa ni mali ya kudumu, na hesabu ya mwanzo ilikuwa zaidi ya dola bilioni 3.8. Mkaguzi wake wa nje, Arthur Andersen, alikuwa ameshatoa hati safi. Waliolifichua jambo hilo ni watu wa ukaguzi wa ndani wa kampuni hiyo hiyo wakiongozwa na Cynthia Cooper, ambao kwa sehemu walilazimika kufanya kazi usiku ili wasishtukiwe na wakubwa wao wa fedha. Mwaka ule ule ikapitishwa sheria ya Sarbanes-Oxley, ambayo kifungu chake cha 404 kinautaka uongozi wa kampuni iliyoandikishwa katika soko la hisa kuutathmini udhibiti wake juu ya taarifa za fedha na kuitangaza tathmini hiyo, na kwa makampuni makubwa mkaguzi wa nje naye hutoa maoni yake juu ya udhibiti huo, mbali na maoni juu ya hesabu. Huko ni maoni mawili juu ya mambo mawili. Kwa viwango tunavyovitumia sisi ni maoni mamoja, na hilo la pili ni lazima mtu wa ndani ya taasisi alibebe.

Upo mtihani uliotungwa kwa ajili ya mtu huyo. Taasisi ya kimataifa ya wakaguzi wa ndani iliasisiwa Marekani mwaka 1941, na tangu mwaka 1974 inatoa mtihani wa cheti cha CIA (Certified Internal Auditor), jina ambalo wenyewe wanajua kuwa linawachekesha watu, kwa kuwa ni la shirika la ujasusi la Marekani pia. Mtihani una sehemu tatu, na mwenye shahada ya kwanza hutakiwa awe na uzoefu wa kazi wa miezi 24 katika fani hiyo kabla ya kukabidhiwa cheti. Aliyeupitia atakuwa ameusoma mfumo wa udhibiti unaojulikana kwa jina la COSO, uliotolewa mwaka 1992 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2013, wenye sehemu tano: mazingira ya udhibiti, tathmini ya vihatarishi, shughuli za udhibiti, habari na mawasiliano, na ufuatiliaji. Sehemu ya kwanza ndiyo ninayoiona nzito zaidi, kwa sababu inahusu tabia ya wakubwa. Mkurugenzi anayechukua fedha za bohari kwa karatasi ndogo iliyoandikwa "nitarejesha" ameshaibomoa hiyo ya kwanza, na zile nne hazina pa kusimama. Lakini sidai kwamba kila taasisi ikimbilie kutaka cheti hiki badala ya kile. Tutakuwa tumebadilisha herufi tatu kwa herufi tatu nyengine, na mtu aliyekaririshwa COSO akaketi ofisini hatolijua dole lenye kovu zaidi ya nilivyolijua mimi.

Ninachodai ni kuwa wanaoajiri waandike kazi wanayoitaka. Kama wanataka mhasibu, watangaze mhasibu. Kama wanataka mkaguzi wa ndani, waeleze ni udhibiti upi anakuja kuupima, waeleze kwamba hatagusa malipo wala hesabu, na waeleze atapeleka ripoti yake kwa nani. Cheti, kiwe cha CPA au cha CIA, kitafuata baada ya hapo, na cha CPA kinafaa kabisa kwa mtu ambaye miaka yake ya mafunzo ya kazi aliitumia kwenye maghala na kaunta za kupokelea fedha pamoja na kwenye leja.

Hapo ndipo vijana wa Pemba wanapokwama. Kusoma wanasoma, na Chuo cha Uongozi wa Fedha cha Chwaka, ambacho sasa kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kimewatoa wahasibu wengi. Wanachokosa ni mtu mwenye cheti wa kukaa nao na kuwasimamia katika kazi. Wengi ninaowafahamu wamemalizia uzoefu wao kwa kunakili taarifa za benki katika ofisi za Unguja au Dar es Salaam, na wakirudi hawajawahi kuhesabu gunia hata moja.

Jambo jengine ni lugha. Baada ya kustaafu niliombwa na ushirika mmoja wa akiba na mikopo niwasaidie kujibu hoja za ukaguzi. Wajumbe wa kamati walikuwa wakulima wa karafuu watatu, mwalimu wa skuli, muuza duka na mama mmoja mkulima wa mwani. Walinionesha ripoti yao yenye hati safi, wamelitilia mstari neno hilo kwa kalamu nyekundu. Nikauliza ilipo barua ya mkaguzi kwa uongozi, ile ambayo viwango vinamtaka aandike kasoro kubwa za udhibiti alizozikuta. Ilikuwa mtotoni mwa meza, chini ya kalenda ya mwaka juzi, kurasa tano za Kiingereza, na hakuna aliyewahi kuisoma. Katika ukurasa wa pili mkaguzi alikuwa ameeleza, waziwazi, kwamba mwenyekiti hutia saini hundi kabla hazijajazwa kila anaposafiri kwenda Unguja, na kuzikabidhi kwa mweka hazina. Nilipowatafsiria, mama wa mwani aliuliza, "Mkaguzi kaliona hili tangu lini?" Tangu miaka miwili nyuma. Kwa haki ya mweka hazina lazima niseme kwamba tulizipitia hundi zote na hapakuwa na shilingi iliyopotea. Yule bwana ni muaminifu. Kamati ilikuwa imeishi miaka miwili kwa uaminifu wake bila ya kujua kwamba hana cha kumzuia zaidi ya huo.

Barua hiyo ingeandikwa kwa Kiswahili, walau ukurasa mmoja wa muhtasari, mama yule angeuliza swali lake mapema. Hakuna kiwango cha ukaguzi kinachokataza hilo, na kampuni ya ukaguzi inayolipwa kwa fedha za wanachama inaweza kuambiwa hivyo katika mkataba kabla ya kazi kuanza. Na kwa kuwa ushirika mdogo hauwezi kumlipa mkaguzi wa ndani wa peke yake, vyama vitano au sita vya wilaya moja vinaweza kumuajiri mmoja kwa pamoja, akazunguka, na akawa anaripoti kwa kamati ya kila chama. Huyo ndiye ambaye vijana wetu wangeweza kumfuata na kujifunza kwake, na miaka yao ya uzoefu ikapatikana hapa hapa Wete, Micheweni na Mkoani.

Nirudi kwa kijana wangu. Nilimshauri aombe, kwani kazi ni adimu na yeye ana cheti wanachokitaka, ila siku ya usaili, akipewa nafasi ya kuuliza, aulize atakuwa anaripoti kwa nani. Alikwenda na aliuliza. Aliambiwa ataripoti kwa mhasibu mkuu, na kama mhasibu mkuu akiwa likizo yeye ndiye atakayekaimu. Aliwaeleza kwa adabu ugumu uliopo, na mmoja wa wasaili akamwambia kwamba hayo ni mambo ya kwenye vitabu. Hakuitwa tena. Wiki hii nimepita pale Chake Chake, tangazo liko ubaoni kwa maneno yale yale, isipokuwa tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi, ambayo imesogezwa mbele kwa siku kumi na nne.

Wako,
Mkaguzi wa ndani mstaafu,
Wete, Pemba.